Vidole Viwili, Elfu Tatu

Nyie wajukuu mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu mziweke chini kwanza. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya mapambo. Naandika habari ya gari la babu yenu, lile la kijani lililo chini ya paa la bati nyuma ya ghala la kahawa, na habari ya ile saa ndogo iliyofungwa karibu na usukani. Kila anayepanda anauliza, "Bibi, hiki nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Gari lile ni pikapu, na lina umri mkubwa kuliko mama zenu. Wamekuja watu kutoka Mbeya, wengine kutoka Dar es Salaam, wamesimama kwenye uzio wanataka nimuuzie mmoja wao alipeleke kwenye maonyesho ya magari ya kale. Nawapa maji, wanakunywa, wanaondoka. Linatembea, linabeba mzigo, na injini yake ni ileile iliyokuja nayo. Ikivunjika, hakuna nyingine. Mbozi haipo, Mbeya haipo, na hata kule Nakonde ng'ambo ya mpaka, ambako watu hupata kila kitu, haipo. Hilo mlikumbuke mpaka mwisho wa habari hii.

Gari hilo halikutengenezwa likiwa na saa ya mizunguko. Mafundi wa Tunduma wanaiita geji ya RPM. Mimi naiita saa ya mizunguko kwa sababu inahesabu injini inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Injini ikizungushwa kupita kiasi inajiua. Magari mengi ya siku hizi yana saa hiyo. La babu yenu halikuwa nayo, na babu yenu hakuitaka. Yeye alikuwa na sikio.

Mnajua kwamba alipuliza besi kanisani, lile tarumbeta kubwa kuliko yote kwenye bendi, mpaka siku pumzi zilipomwishia. Mtu wa besi husikiliza chini, hababaiki na kelele za juu. Akiendesha, alikuwa akisikiliza injini kama anavyoisikiliza bendi. Ikifika sauti fulani anabadilisha gia, haongezi hata kidogo. Mimi nilikaa kushoto kwake miaka yote ile, na sauti hiyo ikanikaa. Magoti yake yalipokataa kukanyaga klachi, wakaanza kuendesha baba zenu, nami nikawa nasema neno moja tu: "Gia." Wote wamejifunzia gari kwa neno hilo. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba hata akiendesha lori Zambia, peke yake, ananisikia.

Baada ya babu yenu kufariki niliendelea hivyohivyo. Halafu mwaka juzi sikio langu la kulia likaanza kupiga filimbi ndani, na watu wakawa wanarudia maneno wakizungumza nami. Sikumwambia mtu. La kulia ndilo linalomwelekea dereva na injini. La kushoto linaelekea dirishani, linasikia upepo na mbuzi.

Ndipo nikaamua kununua saa ya mizunguko. Nyumbani nilisema ni kwa ajili ya mjukuu wangu wa kike, yule aliyemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira, maana yeye ndiye dereva sasa. Haukuwa uongo mzima.

Tulivuka mpaka tukaenda Nakonde, mimi na yeye. Kuna mfanyabiashara pale mwenye meza ya vipuri vilivyotumika. Akatuonyesha saa moja nyeusi, kioo chake safi, namba zimeanzia sifuri mpaka nane, na kila namba ni elfu moja.

"Bamayo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima, "hii imetoka kwenye gari kubwa sana. Injini yake ilikuwa inavuta kama treni."

Moyo wangu ukatulia hapohapo. Sisi watu wa huku tuna tabia hiyo, na ninyi mnayo: kitu kikitoka kwenye gari kubwa tunajua ni imara. Jembe tunataka la chuma cha springi ya lori, geti tunataka la chesesi ya lori, hata kamba ya ng'ombe tunatafuta ile iliyofunga turubai la lori. Sikuuliza swali la pili. Bei siwaambii, haiwahusu.

Ilikuwa Jumanne. Jumapili ya wiki ileile tulikuwa na safari. Kule Itumba, wilayani Ileje, walikuwa wanafungua kanisa, wameialika bendi yetu, na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya watu kwamba matarumbeta yote na wazee wanne wasioweza kubanana kwenye basi dogo watapanda gari la babu yenu. Kutoka kwetu mpaka Mpemba, halafu barabara ya Isongole, ni milima juu ya milima. Nilitaka saa iwe imefungwa kabla ya hapo.

Alhamisi fundi akaja kutoka Tunduma na bodaboda, sanduku la vifaa mapajani. Ni fundi umeme wa magari, mtu wa makamo, mdomo hodari. Akalizunguka gari mara mbili, akapiga mluzi.

"Bibi, hili ungeniuzia mimi."

"Ulikuja kununua au kufunga?"

"Nimekuja kufunga. Hapa katikati ya deshibodi natoboa tundu moja tu la mviringo, linakaa vizuri, linapendeza."

"Toboa deshibodi ya kwako."

"Sasa nitaifunga wapi, kwenye paji langu la uso?"

"Lingekuwa pana kidogo ningekubali. Kata bati, kunja, funga kwenye nguzo ya usukani. Hapa hapatobolewi."

Mjukuu wangu akacheka mpaka akakaa chini. Fundi naye akacheka, akakata bati. Kazi yake ilikuwa safi, hilo sitalificha. Waya zilikuwa nne. Mmoja aliupeleka kwenye swichi ya ufunguo, ili saa iamke gari likiwashwa. Wa pili ukaenda kwenye bodi ya gari. Wa tatu ni wa taa. Wa nne akaupitisha kwenye ukuta wa injini mpaka kwenye koili, na huo alitueleza vizuri: koili ndiyo inayopeleka moto kwenye plagi, na kila plagi moja inapopata moto, saa inapata mpigo mmoja. Inajumlisha mipigo, inaonyesha mizunguko. Nilielewa. Mtu aliyewahi kuhesabu madebe ya kahawa kwa kokoto anaelewa.

Tukawasha. Mshale ukaruka, ukatulia. Watoto wa jirani wakapiga makofi.

Tukatoka kujaribu kwenye mlima wa kwenda misheni. Mjukuu kwenye usukani, mimi kushoto, fundi amesimama nyuma ameshika kingo, kichwa ameingiza kwenye dirisha dogo la nyuma ili aione saa. Kitabu cha gari kinasema lisizidi elfu tatu na nusu likiwa na mzigo. Gia ya pili, tunapanda. Injini ikaanza kuimba, ikafika pale ninapopajua.

"Gia," nikasema.

"Bado, dada!" fundi akapaza sauti. "Mshale uko elfu moja na nusu! Mpe mafuta!"

Mjukuu akautazama mshale. Kweli, ulikuwa kati ya moja na mbili. Akakanyaga.

"Gia, nimesema!"

"Bibi, mshale uko chini."

"Kanyaga, gari linataka kunyooka!" fundi anasema.

Kiti kikaanza kutetemeka chini yangu. Kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu kwa kutikisika. Mshale ulikuwa unasema elfu mbili na kidogo, lakini mimi tumboni nilikuwa najua kwamba babu yenu angeshashuka na kutembea kwa miguu. Nikaunyoosha mkono nikazima ufunguo mwenyewe. Gari likasimama katikati ya mlima, mjukuu akavuta breki ya mkono, na kutoka kwenye boneti ukaja mnuko wa mafuta yaliyochemka.

Tukashuka. Fundi akafungua boneti, akachungulia, akasema kila kitu kizima.

"Ilikuwa inapiga kelele," nikasema.

"Bibi, saa inafanya kazi. Kelele ni uzee wa gari. Au…"

"Au nini?"

"Usikasirike. Mama yangu mzazi alisema redio yake imeharibika, nikamnunulia nyingine, nayo akasema imeharibika. Kumbe masikio."

Mjukuu wangu alicheka kidogo tu, halafu akaniona uso, akaacha. Fundi akalipwa, akapanda bodaboda, akarudi Tunduma.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia mtu siku ile. Niliogopa. Kwa sababu fundi alikuwa amegusa palepale. Kama sikio langu limekufa, basi kwa miaka miwili nimekuwa nasema "gia" kwa kubahatisha. Na kama halijakufa, saa ni ya uongo, na mjukuu wangu atapanda milima ya Ileje Jumapili akiamini mshale wa uongo, na injini ya babu yenu itapasuka na wazee wanne nyuma. Lazima mmoja wetu alikuwa mwongo, mimi au saa. Na saa ilikuwa mpya machoni pao, mimi mzee.

Ijumaa asubuhi nikakaa nachambua maharage, nikawa nayajaribu masikio yangu kama mtu anavyojaribu betri. Naziba la kulia, nasikiliza kuku. Naziba la kushoto, nasikiliza kuku haohao. La kulia liliwasikia, lakini kama wako kwa jirani. Mjukuu akapita na ndoo, akaniona nimeziba sikio kwa kidole.

"Bibi, unaumwa?"

"Nachambua maharage."

"Kwa sikio?"

Nikamfukuza. Na nilipomfukuza, na kidole bado kiko sikioni, ndipo kidole hicho kikanikumbusha vidole vya babu yenu. Vidole viwili. Nikainuka, maharage yakamwagika, nikachukua chupa ya mafuta ya taa na kitambaa, nikaenda kwenye gari.

Zamani, mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, nilikwenda na babu yenu kwenye karakana ya misheni. Palikuwa na fundi mwenye kidude cha mkononi cha kupimia mizunguko, unakigusisha kwenye ncha ya injini inapozunguka, kinasoma. Babu yenu alikuwa amebeba besi yake. Watu walidhani amechanganyikiwa. Akamwambia yule fundi, ipandishe mpaka elfu tatu uishikilie hapohapo. Yeye akapuliza, akitafuta sauti, akaipata kwa kubonyeza vitufe vya besi kwa vidole viwili vya kwanza. Sauti ya besi na ya injini zikawa moja. Halafu akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika chini ya boneti. Baadaye grisi na vumbi vikafunika, nami nikasahau kama mtu anavyosahau rangi ya ukuta wake mwenyewe.

Nilisugua mpaka mkono ukauma. Herufi zikaja moja moja: 3000 VIDOLE VIWILI.

Nikamwita mjukuu. Akasoma, akanitazama.

"Maana yake nini, Bibi?"

"Maana yake vaa viatu, tunakwenda kwa mzee wa besi."

Huyo mzee ni rafiki wa babu yenu, ndiye aliyeirithi besi yake. Ananiita shemeji tangu ujana. Tulimkuta anakoroga chai.

"Shemeji, umekuja kuniazima mimi au besi?"

"Wewe sina kazi nawe. Nataka besi, na kwa kuwa siwezi kuipuliza, na wewe uje."

"Miaka arobaini nasubiri unihitaji, unakuja kwa ajili ya gari!"

"Maliza chai."

Akaja, besi begani, akanung'unika njia nzima na akafurahi njia nzima. Nilimpanga mbele ya gari. Mjukuu nikamweka kwenye usukani. Nikamwambia mzee abonyeze vidole viwili vya kwanza apulize, asipande asishuke.

"Wewe," nikamwambia mjukuu, "pandisha mafuta polepole. Sauti zikikaribiana zitapigana, utasikia wau, wau, wau. Endelea. Zikilingana hutasikia tena kupigana. Hapo ndipo usome mshale."

Mimi sikuliamini sikio. Nikaweka kiganja kwenye boneti.

Mzee akapuliza. Injini ikapanda. Chini ya mkono wangu bati likaanza kudunda, wau, wau, haraka haraka, halafu polepole, halafu polepole zaidi kama mtu anayeishiwa na ubishi. Halafu bati likatulia kabisa, na kifuani kwangu kukawa na sauti moja nzito. Nikajua ni ileile. Ni ileile niliyokuwa naisemea "gia" miaka yote, na jana yake mlimani nilisema palepale, wala sikukosea hata kidogo.

"Soma!" nikapiga kelele.

"Elfu moja na nusu, Bibi!"

"Soma tena!"

"Elfu moja na nusu kamili!"

Babu yenu kasema elfu tatu. Saa inasema nusu yake. Mzee akaishusha besi, mashavu yamekuwa mekundu, akauliza, "Sasa nani amekosea?" Nikamwambia aende akamalizie chai, nitamjibu Jumapili.

Mjukuu alimpigia fundi simu, nami nikaichukua.

"Fundi, saa yako inasoma nusu."

"Bibi, haiwezekani…"

"Umeifungua nyuma?"

"Nyuma? Sikuona sababu…"

"Njoo uifungue nyuma."

Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilimwonyesha maandishi kwanza, akasoma, akakuna kichwa. Akaifungua saa kutoka kwenye bati lake, akaigeuza. Mgongoni kulikuwa na kifuniko kidogo cha mpira, na chini yake swichi ndogo kama kucha, na namba tatu: nne, sita, nane. Ilikuwa kwenye nane.

Akaipangusa vumbi kwa kidole gumba. Halafu akasema, "Hii ilitoka kwenye injini ya silinda nane. Hili la kwako lina nne. Kwa hiyo lilikuwa linapeleka mipigo nusu ya ile ambayo saa inaingoja."

"Gari kubwa sana," nikasema. "Linavuta kama treni."

"Nilipaswa kuangalia, mama."

Juzi nilikuwa bibi mwenye masikio mabovu, leo nimekuwa mama. Nikamwambia kosa la kwanza ni langu, niliyeambiwa gari kubwa nikaona ni sifa, na la pili ni lake, aliyeona saa mpya akaiamini kuliko mtu aliyekaa kwenye kiti kile tangu yeye hajazaliwa. Akaisogeza swichi kwenye nne kwa ncha ya bisibisi. Tukamwita mzee arudi na besi. Vidole viwili, bati likatulia, mshale ukasimama juu ya tatu kama umepigiliwa msumari. Fundi akavua kofia. Nikampa chai na viazi, akala, akaondoka kwa adabu.

Kabla hajaondoka nilimwambia mjukuu alete rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Nikachora mstari kwenye kioo cha saa, kwenye tatu na nusu.

Jumapili tulikwenda Itumba. Matarumbeta nyuma yamefunikwa mablanketi, wazee wanne juu ya magunia, mzee wa besi akisimulia kwa sauti kubwa jinsi alivyoliponya gari kwa mdomo wake. Tulipanda milima yote. Kila mara niliposema "gia," mshale ulikuwa juu kidogo ya tatu, na kila mara mjukuu alitabasamu bila kunitazama. Kanisa likafunguliwa, bendi ikapiga, tukala pilau.

Wakati wa kurudi, kwenye mlima mrefu kabla ya Mpemba, upepo ulikuwa unaingia dirishani kwa nguvu. Nilikuwa nasubiri ile sauti ifike. Nikaona mkono wa mjukuu unashika gia na kubadilisha. Mshale ulikuwa umegusa rangi nyekundu, na mimi sikuwa nimesema kitu. Sikuisikia. Yeye akaendelea kuendesha. Nami nikaangalia nje mpaka tulipofika.

Nyumbani niliwaita wote kabla hawajashusha magunia. Nikasimama mbele ya boneti nikawaambia hivi: "Kuanzia leo anayesema gia kwenye gari hili ni huyu binti, si mimi wala si baba yake. Mimi nikisema, aangalie mshale kwanza ndipo anitii. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mnafungua boneti, mnamwita mzee wa besi, anabonyeza vidole viwili, na mshale unasoma tatu. Usiposoma tatu, gari halitoki hapa, hata kama askofu anasubiri. Na mtu yeyote atakayepaka rangi juu ya maandishi ya babu yenu, asije kula kwangu. Haya, shusheni magunia."